Miwani ya Milioni na Robo

Jumapili, 2 Machi 2025

Kijana wa Kariakoo kapokea simu tena na bei ni ileile: miwani ya VR ya Meta Quest 3S, gigabaiti 128, mpya ndani ya boksi, milioni moja laki mbili na nusu. "Mama, kwa bei hiyo unaniumiza mimi," ananiambia, kana kwamba bei nimeipanga mimi. Anayo pia Quest 2 iliyotumika, laki sita, "haina shida yoyote". Nimo kwenye biashara ya banda la kuonyesha video na mpira tangu enzi za deki na kanda za VHS, na kifaa kisicho na shida yoyote bado sijauziwa.

Marekani hiyo 3S ni dola 299. Dola inachezea 2,600 siku hizi, kwa hiyo huko ni kama laki saba na themanini. Kinachobaki, karibu laki tano, ni nauli, VAT asilimia 18, faida ya kijana na faida ya aliyemuuzia kijana. Meta wenyewe hawauzi Tanzania, hatumo kwenye orodha ya nchi zao. Kila miwani iliyopo nchini imeingia kwenye begi la mtu au kontena la mtu, na yale maneno ya waranti yaliyoandikwa kwenye boksi hayatuhusu sisi wa Makanyagio, Mpanda.

Mchezo wetu wa kupeana hela wa akina mama wa sokoni unanifikia Juni, milioni moja na nusu. Ningeweza kununua miwani na ikabaki ya luku. Naandika haya kwa sababu naijua hela ya mchezo: ikifika mkononi haina kazi maalumu, italiwa na ada na misiba ya watu.

Jumapili, 9 Machi

Jana ndiyo ilikuwa siku ya Simba na Yanga. Niliandika kwa chaki ubaoni tangu Jumatano. Nikaazima mabenchi, nikajaza jenereta, nikapanga soda kwenye friji hadi mlango ukagoma kufunga. Mechi ikaahirishwa siku hiyohiyo. Vijana walikuja hivyohivyo na jezi zao, wakakaa wakibishana mpaka saa nne usiku kosa ni la nani. Mabishano hayana kiingilio.

Siku kama hiyo ndiyo inayonifanya niitamani miwani. Banda umiza ni mateka wa ratiba. Ligi ikisimama nami nimesimama, na hizo PlayStation (PS) mbili za kona zinaleta jero jero za watoto ambazo zinaishia kwenye kununua padi mpya, maana padi zinapigwa kama ngoma. Nataka kitu kinachoweza kuingiza hela siku ambayo uwanja wa Mkapa hakuna mpira.

Nimekaa na kikokotoo. Tuseme buku kwa dakika tano. Lakini dakika tano za kucheza si dakika tano za biashara: kuna kumvalisha mtu, kukaza mkanda, kumwelekeza kitufe, kumvua, kufuta. Weka dakika tisa kwa kichwa kimoja. Chaji ya 3S ni saa mbili na nusu hivi. Hapo jioni nzima, foleni ikiwa haijakatika hata mara moja, ni watu kumi na sita, elfu kumi na sita. Ili irudi milioni na robo nahitaji karibu jioni themanini za namna hiyo, kabla ya umeme, bando na mshahara wa kijana wa kusimamia. Unaweza kuichomeka kwenye pawabenki ikaendelea kucheza, sawa, lakini foleni ya jioni nzima haiwi ndefu zaidi kwa sababu chaji ipo.

Mechi kubwa moja, watu themanini kwa buku, inaleta hiyo ya siku tano ndani ya dakika tisini.

Baba watoto kasoma hesabu hii juu ya bega langu, akauliza kama naandika kitabu. Nimemwambia arudi kwenye taarifa ya habari.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi simu wa jirani kaja na suluhisho lake: boksi la plastiki lenye lenzi mbili, unachomeka simu yako ndani, unalivaa. Haya yamejaa Kariakoo kwa bei ya sahani ya chipsi kuku na soda. Tumejaribu kwa simu ya kijana wangu wa banda. Picha ikatoka, kweli, na ukivaa unaona kama uko ndani ya handaki. Lakini ukigeuza shingo handaki linageuka na wewe, halibaki mahali pake. Fundi kaigonga simu, kaizima, kaiwasha, mwisho kakubali: simu nyingi za bei yetu hazina jairoskopu, kile kipimo kinachojua kichwa kimeelekea wapi. Bila hicho umejifunga televisheni ndogo usoni, basi.

Jioni nimekaa nasoma historia ya vitu hivi, maana kabla sijaingiza milioni kwa mtu nataka kujua watangulizi wake wamezikwa wapi. Makaburi ni mengi. Google walitoa ile ya karatasi ngumu, Cardboard, mwaka 2014, wakaacha kuiuza 2021. Wakaja na Daydream 2016, wakaiua 2019. Samsung walikuwa na Gear VR, nayo ni marehemu. Facebook, ambao ndio Meta wa leo, waliinunua kampuni ya Oculus mwaka 2014 kwa dola bilioni mbili, wakatoa Oculus Go mwaka 2018 kwa dola 199. Miaka miwili baadaye wakaacha kuiuza na kuifungia programu mpya. Quest ya kwanza ni ya Mei 2019. Tangu Aprili 2024 haipokei programu mpya, na marekebisho ya usalama yalikoma Agosti mwaka huohuo. Miaka mitano na ushee.

Miaka mitano kwa mtu wa Marekani aliyeinunua apige kelele sebuleni kwake ni mingi. Kwangu mimi inategemea nainunua mwaka wa ngapi. Quest 2 ilitoka Oktoba 2020, na Septemba mwaka jana Meta walitangaza kwamba wanamaliza stoku. Ile ya laki sita ya kijana wa Kariakoo, kwa mwendo wa dada yake mkubwa, iko kwenye machweo. Hiyo nimeifuta. Kama ni kununua ni 3S, ambayo ina macho ya Quest 2 na ubongo wa Quest 3: lenzi zilezile za zamani, prosesa ya kisasa. Kwa mteja wangu ambaye hajawahi kuvaa yoyote, lenzi si hoja.

Jumanne, 1 Aprili

Idi jana. Watoto walijaa tangu asubuhi na hela zao za sikukuu, nguo mpya, viatu vinawabana. Wateja wa miwani ningewapata hao. Lakini Meta wanaweka umri: miaka kumi kwenda juu na akaunti iliyofunguliwa na mzazi, kumi na tatu kwa akaunti yake mwenyewe. Nusu ya waliokuwa hapa jana hawajafika kumi. Kwenye PS mtoto wa miaka saba anacheza FIFA na kaka yake na hakuna anayeumia. Miwani ya zaidi ya nusu kilo kwenye shingo ya mtoto wa miaka saba, na lenzi zisizoendana na nafasi ya macho yake, mimi siwezi kumvalisha mtoto wa mtu kwa buku.

Masharti yao pia yanasema programu hizi ni za matumizi binafsi, siyo za kutoza watu kiingilio. Najua, najua. Banda umiza zote za nchi hii zilianza kwa kanda ambazo hakuna aliyeziombea ruhusa. Lakini hapo kifaa kimeunganishwa na akaunti, na akaunti iko mikononi mwao. Kanda ya VHS hakuna aliyeweza kuizima kutoka California.

Jumatatu, 21 Aprili

Nina usingizi lakini lazima niandike hii ikiwa bado ya moto.

Mtoto wa dada yangu, yule anayesoma chuo Mbeya, kaja kula Pasaka. Nilimweleza habari zangu kwa simu mwezi uliopita, sikujua kama ananisikiliza. Kashuka kwenye basi la Sumbawanga na mkoba wa ziada. "Mama mdogo, kabla hujamtumia hela huyo mtu wa Kariakoo, ijaribu kwanza." Ni Quest 2 ya rafiki yake wa bweni. Imechubuka pembeni, mkanda umeshonwa kwa uzi wa viatu.

Jana jioni Simba alikuwa Zanzibar na Stellenbosch, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, moja bila. Banda lilikuwa limejaa na watu wana furaha, hata watani wao. Mechi ilipoisha nikatangaza kwamba anayetaka abaki, kuna kitu kipya. Wengi wakabaki.

Mpwa wangu akaunganisha miwani na televisheni, kwamba anachokiona aliyevaa kionekane na sisi wote. Mchezo wenyewe unaitwa Richie's Plank Experience: unaingia kwenye lifti, inakupandisha juu ya ghorofa refu, mlango unafunguka, mbele yako kuna ubao mmoja umetokeza hewani na chini yake ni mji mzima. Kazi yako ni kutembea juu ya ubao. Mpwa akafanya kitu cha akili: akachukua ubao wa benchi moja, akaulaza sakafuni mahali palepale ulipo ule wa kwenye miwani. Mguu ukikanyaga unakanyaga mbao kweli, na ukingo wake unausikia.

Mtu wa tatu au wa nne alikuwa mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka Katumba, mteja wangu wa siku nyingi, mpole, hununua soda moja ikamfikisha mapumziko. Alipofunguliwa lifti alinyamaza kidogo. Halafu akainama akavua viatu, akavipanga pembeni, vidole vikiwa vinapapasa sakafu kuutafuta ubao. Akaweka mguu wa kulia. Akaurudisha. Akaniita mimi, si mpwa wangu, "Mama, huku chini kuna magari." Nikamwambia, baba, huko chini ni saruji ya kwangu, niliipiga mwenyewe mwaka juzi. "Najua," akasema, "lakini yanapita." Akachuchumaa, akaushika ubao kwa mikono miwili, akasogea kwa makalio. Watu walilia kwa kicheko. Mwingine nyuma anapiga kelele, "Mzee ruka, tumbaku nitakuvunia mimi!"

Na hapo kijana wangu wa banda, ambaye mwaka mzima sijamsikia akisema zaidi ya "kiingilio," akachukua maiki. Akaanza kutangaza. "Huyo mzee kafika ghorofani, kiwanja anakiuza hakinunuliki, kaangalia kushoto, kaangalia kulia, kamkumbuka mkewe wa kwanza..." Nikarudi miaka ishirini nyuma, enzi za Lufufu, pale sauti yake ya Kiswahili ilipokuwa juu ya filamu ya Kichina na hakuna aliyejali Wachina wanasema nini. Miwani yenyewe inazungumza Kiingereza tangu unapoiwasha. Kijana kaipa Kiswahili bila kuulizwa.

Sikutegemea hilo. Mimi nilidhani nauza dakika tano za mtu mmoja gizani peke yake. Waliovaa na kulipa buku hawakufika ishirini. Waliokaa kuwatazama wanaovaa walijaza banda, hawakulipa kitu, na hakuna hata mmoja aliyetoka kabla sijazima taa.

Jumatano, 23 Aprili

Mpwa kaondoka na basi la asubuhi, na mkoba wake.

Jumatatu jioni nilitoza na watazamaji, mia mbili. Wakaja wachache, wakamtazama wa kwanza na wa pili, wakaanza kutoka. Ubao ni uleule, ghorofa ni lilelile. Jana hata kijana wangu alipotangaza sauti ilikuwa ya kazi. Alijaribu kuwavalisha video za simba na tembo za kuzunguka pande zote, akidhani za wanyama zitashika. Dogo mmoja akauliza, "Viboko wa Sitalike wamo?" Hawamo. Wale ni wa mbuga nyingine kabisa. Halafu, viboko wa Sitalike wapo mtoni hapohapo lango la hifadhi, kilometa thelathini na tano hivi kutoka hapa, unawasikia kabla hujawaona. Hifadhi yetu ya Katavi ina kilometa za mraba 4,471 na ni ya tangu 1974, lakini vijana wengi wa Makanyagio hawajavuka lango lake. Kikwazo ni gari, si kiingilio. Nairobi wapo watu wenye kamera hizo na ujuzi, kampuni kama BlackRhino VR. Angekuja mmoja wao akapiga picha Ikuu, ndani ya hifadhi, mwezi wa tisa, maji yanapokauka na viboko kulaliana kwenye tope la mto Katuma mamia kwa mamia, hiyo ningeitoza buku bila aibu. Leo haipo.

Nimejifunza na mengine, ya kifundi, ambayo matangazo hayasemi. Miwani hizi zinajua ziko wapi kwa kamera zilizo usoni mwao, zinahitaji mwanga zione kuta. Banda langu ni giza, ndiyo maana ya banda. Taa zikizimwa picha inayumba au inasimama na kusema haioni. Ukiwasha taa zote, wa kwenye PS wanalalamika. Nikasema basi tufanye mchana. Mchana mabati yangu yana matundu ya misumari, na jua linashuka kwa mishale. Mpwa wangu aliiwahi miwani mezani kama mtu anayewahi mtoto asianguke: jua likipita kwenye zile lenzi kwa ndani linaunguza kioo, doa halitoki tena. Kwa hiyo usiku ni giza mno na mchana ni jua mno. Ya pili inatibika kwa kopo la lami na ngazi. Ya kwanza inataka chumba chake.

Na macho. Januari mwaka jana macho mekundu yalipopita nchini, kila mtu alikuwa anaogopa kushikana mkono. Sponji ya miwani inalala kwenye paji la uso na mashavu ya mtu, inanyonya jasho lake, kisha inaenda kwa mwingine. Tulifuta kwa pamba na spiriti kila mara, na bado sponji ilikuwa imelowa kufikia saa tatu. Ukiamua biashara hii weka bajeti ya vifuniko vya mpira, usimtegemee mteja kujisema kwamba anaumwa.

Jumamosi, 3 Mei

Shemeji yangu wa Muscat kasema anaweza kuniletea 3S akija likizo, bei nafuu kuliko Kariakoo. Lakini likizo yake ni Desemba, na kaongeza: "Ukingoja mpaka hapo si itakuwa imetoka nyingine?" Kila mtu ananiambia ngoja, itatoka nyingine. Hiyo hoja nimeichoka. Itatoka nyingine daima. Quest 2 ilitoka Oktoba 2020, Quest 3 Oktoba 2023, 3S Oktoba 2024. Wao wanatangaza Septemba, wanauza Oktoba, wakiuwahi msimu wa Krismasi wa kwao. Apple ya Vision Pro ilitoka Februari 2024 kwa dola 3,499, na hiyo hata ikishuka mara tatu bado ni bei ya pikipiki.

Kalenda ya hela ya Mpanda haifanani na yao. Hapa hela inaanza kuonekana tumbaku ikinunuliwa na mahindi na mpunga vikitoka shambani, Juni mpaka Septemba. Oktoba watu wananunua mbegu na mbolea, na kufikia Januari hata soda inakopwa. Aliyenunua miwani mpya Oktoba kaikuta Mpanda mifuko imeshafungwa. Kwa hiyo wa Mpanda akisema anangoja toleo jipya, anangoja mpaka msimu mwingine mzima.

Kungoja tumekujua vizuri. Zanzibar walianza televisheni 1973, tena ya rangi. Bara tukangoja hadi 1994. Kwa miaka ile yote ishirini watu hawakukaa kimya, walileta deki, na banda umiza zikazaliwa kwenye huo mwanya. Halafu mwisho wa mwaka 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa kuanzia Dar es Salaam, na waliokuwa wamenunua televisheni mpya miezi michache nyuma wakaambiwa wanunue na king'amuzi. Mimi yangu niliinunua miaka mingi nyuma, na sikujuta: ilikuwa imeshajilipa kwa Kombe la Dunia mbili. Kipimo changu ni hicho. Kifaa cha biashara hakipimwi kwa kitakachotoka kesho. Kinapimwa kwa kama kimerudisha hela yake kabla ya kesho kufika.

Na kwa kipimo hicho miwani inateleza. Jioni tatu za Pasaka zimenionyesha mvuto wake unakoma siku ya pili. Mji ukiwa mkubwa, wageni wanapishana kila siku, kama kwenye maduka makubwa ya Dar, ubao mmoja unatosha mwaka. Makanyagio wateja ni walewale.

Jumatatu, 26 Mei

Simba kakosa Kombe la Shirikisho. Mbili bila kule Berkane, moja moja jana Amaan. Watu walilipa, walikaa hadi sakafuni, kuna waliotazama kwa dirishani na hao nao niliwapelekea kijana na kopo. Umeme ulikatika kipindi cha pili. Miaka mingi mkoa huu uliishi nje ya gridi ya taifa, kwa mashine za dizeli, na hiyo laini ya kutoka Tabora kwa njia ya Ipole na Inyonga tuliisubiri mpaka tukazeeka nayo. Kubadilisha kwenda kwenye jenereta yangu kulichukua dakika nne: kisimbuzi kinawaka upya, kinatafuta chaneli, watu themanini wananiita majina. Walionidai warudishiwe hela niliwarudishia.

Nililala nikifikiria dakika hizo nne kuliko miwani yote.

Jambo jingine nimelisoma: kitengo cha Meta kinachotengeneza hizi miwani kilipata hasara ya dola bilioni 17.7 mwaka 2024 peke yake. Wanapoteza hela leo wakitegemea kesho. Sisemi watafunga. Nasema mtu anayepoteza hela kiasi hicho ana haki ya kubadilisha mawazo yake asubuhi yoyote, na mimi sitaalikwa kwenye kikao. Krismasi iliyopita sasisho lao moja liliziua baadhi ya miwani kabisa, zikawa hazivuki ukurasa wa kwanza. Walikiri, wakaahidi kuwabadilishia watu. Kubadilishiwa wapi, kwa mtu wa Mpanda? Ningeiweka kwenye basi kwenda kwa nani?

Jumapili, 15 Juni

Mchezo umetoka jana. Hela iko ndani ya kopo la Kimbo, nitaipeleka benki kesho.

Nimeamua hivi. Kwa mtu anayenunulia nyumbani, mwenye intaneti isiyopimwa kwa bando na ndugu nje ya nchi wa kumbebea, asingoje: achukue 3S, aachane na Quest 2 za mitumba hata ziwe rahisi vipi. Kwa mwenye banda mji wa kiasi cha Mpanda, asinunue. Si kwa sababu mpya inakuja. Ni kwa sababu kitu kinachochekesha siku mbili hakistahili kulala kabatini kwako siku mia tatu na kitu, chaji inashuka, akaunti inadai nywila.

Lakini siku hizo mbili ni hela halali, na nimezitafutia njia. Nimeongea na mpwa wangu, naye kaongea na mwenye miwani. Wakifunga chuo wanakuja wote wawili. Tutaizungusha: Makanyagio Ijumaa na Jumamosi, Katumba siku ya malipo ya tumbaku, Inyonga siku ya mnada, kisha turudi. Ubao uleule, watu wapya. Kijana wangu anakwenda na maiki, hilo nimeling'ang'ania. Bila mtangazaji siwapi gari. Kwa kila buku, mia nne ya mwenye miwani, mia sita ya banda, mafuta na bando ni juu yangu. Miwani ikianguka mkononi mwa mteja tunagawana gharama nusu kwa nusu, imeandikwa na kila mmoja katia sahihi kwa picha ya WhatsApp. Watoto chini ya miaka kumi na tatu hawavai, wanatazama, mia mbili.

Kijana wa Kariakoo kapiga leo, kashusha hadi milioni na laki moja. Nimemwambia asante, na nikamuuliza bei ya inveta na betri mbili za gel za ampea-saa mia mbili. Kanipa bei nzuri kuliko ya hapa mjini. Mzigo unapakiwa kesho, na fundi wa kufunga ametaka elfu sitini. Tumekubaliana arobaini na tano.